Mita ya Bwana Kibwana

Bwana Kibwana alikuwa msimamizi wa operesheni ya kuhamia vijijini hapa kwetu Rutamba, na pikipiki yake ilikuwa kuukuu hata kuku walikuwa hawaikimbii. Mita yake ya kuhesabia kilomita ilipokufa, mume wangu Fakihi, fundi pekee wa huku, akampachikia nyingine aliyoifungua kwenye pikipiki kubwa iliyovunjika.

"Bwana, hii bado," Fakihi alimwambia. "Gurudumu lako dogo, la pikipiki ilikotoka lilikuwa kubwa. Itakuzidishia umbali. Nipe asubuhi moja niipime kwa mawe ya kilomita ya barabara ya Lindi, kisha niirekebishe."

"Mshale unacheza?"

"Unacheza."

"Basi."

Akaondoka zake, kifua mbele. Amri ilisema nyumba yoyote iliyozidi kilomita mbili kutoka shuleni ibomolewe, mwenyewe ahamie kijijini. Nyumba ya mama yangu, Bi Mboni, ilikuwa karibu na mpaka, njia ya mtoni, pamoja na mikorosho aliyoipanda na marehemu baba. Sote tulijua imo ndani ya hizo kilomita mbili. Mama mwenyewe hakuwa na wasiwasi, alifagia uwanja akamngoja mgeni.

Kibwana akasimamisha pikipiki mlangoni. Mtoto wa juzi yule, hata shikamoo hakumpa. Akainamia mita.

"Imezidi kidogo."

"Kidogo kiasi gani, mwanangu?" mama akauliza.

"Kuzidi ni kuzidi."

Mgambo waliofuatana naye wakatia moto paa huku mama bado anatoa vyungu.

Kwetu mama mkwe halali kwa mkwewe wala hasemi naye uso kwa uso. Ni aibu kubwa. Lakini angekwenda wapi? Alikuja kulala jikoni kwangu, pembeni ya majivu, kajifunika khanga mpaka usoni ili Fakihi asimwone. Nilitamani ardhi inimeze.

Kesho yake Fakihi akambembeleza Kibwana mpaka akakubali, wakaenda wote na pikipiki kwenye barabara ya Lindi. Kila jiwe walilofika, mita ilikuwa imeshalipita. Wakipiga hesabu, nyumba ya mama ilikuwa ndani, bila shaka yoyote. Fakihi akatoa bisibisi. Kibwana akamshika mkono.

"Iache."

"Bwana, kesho unapima njia ya Milola. Kule kuna watu."

"Nikiirekebisha, hawa niliokwisha kuwabomolea wataniuliza. Wote wapimwe kwa mita moja. Si ndio usawa tunaouhubiri?"

Na mume wangu, mwanamume mzima na ndevu zake, akarudisha bisibisi mfukoni! Aliponieleza, mama akiwa mtoni anateka maji, nilimfokea mpaka sauti ikanikauka. Alikaa tu barazani anajipangusa grisi.

Jioni mama, niliyekwisha kumweleza kasoro ya mita, akaniita kutoka jikoni. Baraza iko hatua chache tu, Fakihi anasikia kila kitu.

"Mwanangu, niulizie mkwe. Ile mita ameitengeneza?"

Nikamgeukia Fakihi. Akainamisha kichwa.

"Mwambie tayari," akanong'ona.

Nilitaka kumwambia mama kweli. Nikamwangalia pale kwenye majivu, nikashindwa.

"Tayari, mama."

"Alhamdulillahi." Alikuwa analia. "Mwambie ahsante sana. Mimi yangu yameshapita, lakini wenzangu wa njia ya Milola kesho watalala kwao."