Mama Brashi na Somo la Nane

"Sentimita thelathini na moja na nusu," alisema Mama Brashi, akaandika kwenye kiganja, kwa sababu karatasi ilikuwa mbali na futi kamba ingemponyoka.

Mumewe, fundi baiskeli, aliinua macho kutoka kwenye gurudumu lililolala magotini pake. "Kompyuta nayo unaipima nguo?"

"Napima ukuta."

"Mke wangu, huo ni kioo. Tena kioo cha mkweo. Ukikikwaruza tutahama mtaa."

Mama Brashi aliendelea kupima. Miaka ishirini na sita ya kuandika mabango ilikuwa imemfundisha kwamba kwanza unapima, ndipo unafungua rangi. Asiyepima hufika mwisho wa ukuta na herufi tatu bado anazo mkononi. Lilimtokea mara moja, akiwa msichana, kwenye duka la dawa, na mpaka leo hapiti mtaa ule.

Kazi za ukutani zilikuwa zimekauka. Mwaka uliopita alipata tatu, na moja ilikuwa namba ya nyumba. Watu walichapisha mabango ya plastiki kwa saa moja, yamejaa picha na vivuli, nusu ya maneno yamekosewa, na walifurahi hivyohivyo. Basi siku mwalimu mkuu wa shule ya msingi alipotaja kwamba anatafuta mtu wa kuitengenezea shule tovuti, mdomo wa Mama Brashi ulitangulia akili.

"Nitakutengenezea mimi."

Jina la shule pale getini aliliandika yeye, na kila baada ya miaka miwili alilipaka upya. Mwalimu mkuu alivitazama vidole vyake vyenye bluu kwenye kucha. Hakucheka, na hilo Mama Brashi alilithamini.

"Wiki sita," alisema mwalimu mkuu. "Ijumaa ya mwisho nataka kuiona. Isipokuwa sawa nawapa watu wa kampuni, na hao wakichukua tovuti watachukua na bango la geti. Wanataka kazi zote kwa pamoja."

Siku hiyohiyo Mama Brashi alijiandikisha kwenye kozi ya mtandaoni, misingi ya usanifu wa tovuti, masomo kumi na mawili. Aliyefundisha kwenye video alikuwa binti mwenye sauti ya taratibu. Kila somo alianza kwa kusema, "Karibu tena," na kila mara Mama Brashi alimjibu, "Asante, mwanangu," kisha akasogeza kiti.

Alishika mambo upesi kuliko alivyojidhania. Alijifunza kwamba maneno huwekwa kwanza na mavazi, yaani rangi na mpangilio, huja baadaye, na kwamba kila alama inayofunguliwa lazima ifungwe. Siku aliyosahau kufunga moja, ukurasa wote ukageuka herufi nene hadi chini, akacheka peke yake mpaka machozi. Kwenye rangi na nafasi kati ya mistari, binti ndiye angepaswa kuja kukaa kwake ajifunze. Somo la nane liliitwa "Skrini za ukubwa tofauti". Hilo aliliruka. Yeye alikuwa na kompyuta moja.

Ijumaa aliingia ofisini na kompyuta ndani ya foronya. Ukurasa ulikuwa umekaa vizuri kweli, jina la shule limejaa juu kutoka ukingo hadi ukingo, bila kubaki hata unywele. Mwalimu mkuu aliutazama kidogo, kisha akatoa simu kwenye mkoba.

"Nipe anwani yake. Wazazi wa shule hii wote wako kwenye simu."

Akaandika, akangoja, akakunja uso. "Imeandikwa 'Shule ya Msi'."

"Haiwezekani."

"'Ngi' iko huku." Alivuta ukurasa kwa kidole kwenda kushoto, akaurudisha, akauvuta tena. "Namba ya simu siioni. Mzazi atanipigiaje hapa?"

Masikio ya Mama Brashi yaliwaka. Alikuwa amerudi mbele ya lile duka la dawa, na brashi mkononi.

"Nipe mpaka Jumatatu."

"Jumatatu saa nne wa kampuni wanakuja."

"Basi saa tatu."

Alipofika nyumbani alifungua somo la nane hata kabla ya kuvua viatu. "Hujui mgeni wako atakuja na skrini ipi," alisema binti. "Usimpangie upana. Kiambie kila kitu kichukue sehemu ya nafasi iliyopo."

Alisimamisha video. "Ukuta usio na kipimo," alimwambia mumewe kwa hasira. "Nani anaandika kwenye ukuta usio na kipimo?"

Fundi baiskeli alikuwa akikaza spoki. "Mteja akija na baiskeli ya mtoto, kwani mimi namfukuza?"

"Wewe unaiona baiskeli. Mimi mgeni wangu simwoni."

"Hapo kweli pana kazi," alikiri mumewe.

Jumamosi na Jumapili alifuta sentimita. Vilikuwa vipimo arobaini na vitatu, vyote alivipima mwenyewe, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na kosa. Hilo ndilo lililomuuma. Mahali pake aliandika nusu, theluthi, asilimia tisini, kama mtu anayegawa asichokijua ukubwa wake. Jina la shule aliliachia ruhusa ya kukatika penye nafasi kati ya maneno, pasipokuwa na aibu.

Jumatatu saa tatu kasoro mlinzi wa shule alimsimamisha getini.

"Mama mwalimu yuko na wageni. Wa kampuni wamewahi."

Mlinzi alimpisha kwenye benchi, akamuuliza kulikoni, naye akamweleza kwa kifupi, maana kwa urefu angelia. Mzee akatoa simu mfukoni. Mama Brashi hakuwahi kuona skrini ndogo vile, tena ilikuwa na ufa.

"Nitajie hiyo anwani."

Ukurasa ulishuka polepole. Jina la shule lilikatika mistari miwili, likakaa katikati. Mlinzi alisoma yote, midomo ikicheza, kuanzia saa za masomo hadi mahali pa kuandikisha watoto.

"Na hapa penye 'Piga simu shuleni', nikibonyeza?"

Alikuwa ameshabonyeza. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi, na ndani mtu wa kampuni alikuwa katikati ya maelezo simu ilipolia mezani.

"Samahani kidogo," ilisikika sauti ya mwalimu mkuu. "Haloo?"

Mlinzi aliitenga simu na sikio, akamtazama Mama Brashi, akairudisha. "Ni mimi, mama. Wa getini. Nimeona namba kwenye tovuti yetu."

Kiti kilikwaruza sakafu. Mwalimu mkuu akatokea dirishani, simu sikioni.

"Kwenye hiyo simu yako?" aliuliza, na sauti yake ikafika getini mara mbili, kwa dirisha na kwa simu.