Kombe la Alfajiri na Kabati la Utafiti

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye homa na uzima vyote ni viumbe Vyake, ninaanza. Rehema na amani zimfikie Mtume Wake, aliyekuwa akiwazuru wagonjwa bila kuwauliza wametoka mlango gani.

Watu wa habari hii si wengi. Wa mbele ni Mwamvita, mshona sare za shule kwenye baraza moja ya Iringo, mjini Musoma, pamoja na binti yake Mwanaupe, ambaye meno yake ya mbele ya utoto yalikuwa bado hayajang'oka. Pazi, mume wa Mwamvita na fundi wa milango, alikuwa Bunda, huko Kabasa, akitafuta wateja. Yuko Sista Dorotea, mzaliwa wa Kiriba, muuguzi wa chumba cha dharura. Yuko Masatu, mvuvi wa huko huko Kiriba, aliyemleta mwanawe mgonjwa. Na yuko Danford, msimamizi wa utafiti, kijana nadhifu aliyevaa koti jeupe ingawa hakuwa tabibu.

Zilikuwa zama za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Maduka ya Iringo yalifurika redio, mitumba na maziwa ya kopo, ilhali kabati la dawa la hospitali lilikuwa na vumbi na mkasi mmoja. Mgonjwa alitakiwa ajinunulie dripu, kwinini, hata glovu za kushikiwa. Kando ya kabati hilo palisimama jingine, jipya, la chuma, limejaa hadi juu. Hilo lilikuwa la utafiti. Wataalamu walitaka kujua, katika sindano mbili za malaria iliyopanda kichwani, ni ipi inayomwamsha mtoto upesi. Aliyeingizwa katika utafiti alitibiwa bure. Aliyekataliwa alielekezwa dukani.

Alfajiri moja Mwamvita alikuwa akitia mkaa kwenye pasi aliposikia mwanawe akisaga meno. Akamgusa paji la uso, lilikuwa likichoma. Akafanya kama alivyofanya mama yake kabla yake: akabeba sahani nyeupe mpaka kwa Maalim Jumanne, aya zikaandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, na kombe hilo Mwanaupe akalinywa. Kisha akamfunga mgongoni kwa kanga, akashika njia ya hospitali. Kwake yeye mambo hayo mawili hayakugombana: dua ilitangulia, sindano ikafuata.

Alipofika mlangoni mtoto alianza kutupa mikono na miguu. Dorotea akampokea na kumlaza ubavu kwenye kitanda cha utafiti kilichokuwa wazi. Kwenye kitanda cha pili alilala mtoto wa Masatu, dripu yake ikidondoka taratibu. Danford akaja na maswali yake.

"Mama, tangu jana mtoto amepewa dawa yoyote?"

"Kombe, baba. Asubuhi hii."

Kalamu ikasimama. "Hiyo ni dawa ya kienyeji. Hafai kwa utafiti. Mtoe kitandani, Sista."

"Dawa gani?" Mwamvita akauliza. "Ni maneno ya Mungu na maji."

"Kuna zafarani. Imeandikwa: asiwe ametumia kitu chochote. Ukinunua kwinini na dripu, watamtibu kwa upande wa hospitali."

Dorotea akamvuta Mwamvita pembeni. "Mama Mwanaupe, ungesema tu hajanywa kitu. Wenzako wanasemaga hivyo kila siku, na wote wanapewaga mitishamba huko kwao. Jana mama mmoja wa Butiama alisema kweli. Akatumwa dukani. Aliporudi na chupa mkononi..." Akatazama sakafu.

Mwamvita alimtazama mwanawe, povu jepesi likimtoka mdomoni. Neno moja tu lilitakiwa. Ulimi wake ukalitafuta, ukalikaribia, kisha ukalikataa.

"Silikani kombe," akasema kwa sauti iliyojaza chumba. "Nimkane Mungu aliyenipa mtoto ili nipate chupa ya maji ya chumvi? Kanywa kombe! Na kitandani hatoki. Nitoeni mimi kwanza."

"Mama, usilete fujo hapa."

"Fujo ni hilo kabati lako, limeshiba na watoto wanakufa."

Masatu akacheka kando ya kitanda cha pili, kicheko kikavu. "Kijana, hebu sikia. Huyu wangu padri kamnywesha maji ya baraka jana jioni. Na shangazi yake kamfukiza majani. Uliniuliza, nikasema hapana. Nilidanganyaga tu, si ulitaka hivyo? Sasa kama binti wa huyu mama anatoka, ng'oa na hiyo sindano ya wangu."

"Mzee Masatu, usiharibu bahati ya mwanao," Danford akanong'ona.

"Bahati? Mtoto wa watu anatapatapa hapo, wewe unaniambia bahati! Ng'oa, tuone mkono wako."

Danford hakung'oa. Kabati alikuwa ameliacha wazi, ufunguo ukining'inia tunduni. Dorotea akaenda, akatoa sindano na dripu, akarudi, akautafuta mshipa wa Mwanaupe mpaka akaupata.

"Sista! Huyo haruhusiwi!"

"Haruhusiwi kuandikwa kwenye makaratasi yako. Kutibiwa nani kamkataza?"

"Nitakuripoti."

"Andika kwa herufi kubwa, wakubwa wasihangaike kusoma." Kisha akauchomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa aproni.

Danford akatoka hadi kwenye benchi la nje, akijaribu kuiokoa siku yake. Akamuuliza Jenoveva, mwanamke wa kwanza aliyempakata mtoto: "Amepewa dawa yoyote?"

Jenoveva alichungulia ndani, akamwona Mwamvita amesimama wima kando ya kitanda. "Ndiyo," akajibu. "Mwarobaini."

"Na wewe?"

"Wangu kachanjwa chale za dawa."

"Wangu kombe, kama la yule."

"Wangu vyote," mwingine akadakia, na benchi zima likacheka katikati ya huzuni yake.

"Mbona wiki nzima mlikuwa mnasema hapana?"

"Wiki nzima ufunguo ulikuwa kwako," akajibu Jenoveva.

Hapo Danford aliyatazama makaratasi yake, hapana juu ya hapana, na uso wake ukasawijika. Utafiti wote ulijengwa juu ya uongo ambao utafiti wenyewe uliwalazimisha akina mama kuusema. Akaenda kupiga simu.

Wakubwa walifika baada ya alasiri. Mwanaupe alikuwa amefumbua macho na kuuliza kwa nini mdomo wake una ladha ya chumvi. Dorotea aliambiwa kuwa tangu saa hiyo si wa chumba cha dharura. Aende kufua mashuka. Alivua aproni, akautoa ufunguo, akamkabidhi Danford bila kuteta.

Danford akalifungua kabati. Lilikuwa tupu. Tangu asubuhi Dorotea alikuwa amempa kila mtoto wa benchi lile dripu yake.

Ee Mola, wahifadhi waliobaki kwenye benchi lile na watakaolikalia baada yao. Mjaalie Dorotea, mikono yake ikiwa kwenye povu la sabuni, utulivu wa aliyetenda haki. Wala usimweke tena mzazi baina ya kusema kweli na uhai wa mwanawe. Amin.