Nusu ya Meza ya Shalva

Kijijini kwetu, katika mkoa wa mizabibu wa Kakheti, mtu anaweza kusamehewa wizi wa kuku, lakini tamada hasamehewi kumruka mgeni. Tamada ndiye mwongoza karamu: anasimama kichwani mwa meza, anainua pembe ya mvinyo na kumtaja kila aliyeketi kwa sifa zake, hata asiye na sifa. Shemeji yangu Shalva ameifanya kazi hiyo miaka arobaini. Aliwahi kunisifu mimi, Jumber, hadi nikageuka kutazama nyuma yangu nani anayesemwa.

Vuli iliyopita, katikati ya kuchuma zabibu, kiharusi kikampiga. Alirudi kutoka hospitali anatembea, anaongea, anatukana serikali kama kawaida. Tukamshukuru Mungu. Kisha tukaanza kuona vituko. Alinyoa shavu la kulia, la kushoto akaliacha na ndevu zake. Alikula nusu ya sahani, akasukuma kiti na kulalamika.

"Nazibrola! Siku hizi unanipimia chakula kama paka?"

Dada yangu Nazibrola, mkewe, akaizungusha sahani. Shalva akakuta maharage yamejaa tele.

"Ahaa, sasa umeniongeza," akasema, akaendelea kula.

Daktari alitueleza kwamba macho yake ni mazima. Kilichoumia ni upande wa kulia wa ubongo, na sasa akili yake haina habari kwamba kuna upande wa kushoto. Haoni giza huko, wala haoni pengo. Kwake yeye dunia inaishia katikati, na imekamilika. Ndiyo maana ukimwambia ana tatizo, anakuona wewe ndiye mgonjwa.

Basi mjukuu wake Tekle akachumbiwa na kijana mmoja, Ucha, wa kijiji cha ng'ambo ya mto. Wakwe wakaja kwetu kwa karamu ya uchumba. Tukawakalisha mahali pa heshima, kushoto kwa Shalva. Laiti tungekuwa na akili! Tamada akasimama, pembe mkononi imejaa maji ya komamanga kwa amri ya daktari. Akaombea amani, akawakumbuka marehemu, kisha akaanza kusifu watu. Upande wa kulia alimsifu kila mtu, hata jirani aliyekuja kuazima ngazi. Halafu akashusha pumzi.

"Sasa tunywe kwa wakwe zetu," akasema kwa huzuni, "ambao inasikitisha hawakuweza kufika."

Baba yake Ucha, Bondo, mtu wa mwili kama pipa, alikuwa ameketi hatua moja kutoka kwake, kipande cha mkate wa jibini kinywani. Akakimeza. Akasimama.

"Hatujafika? Haya, kama hatujafika, basi hatupo!"

Wakaondoka wote, na siku ya pili tukapata salamu: siku ya harusi tamada mwingine, au hakuna harusi.

Shalva alikasirika kuliko wao. "Watu hawakuja, halafu wanasema nimewatukana!"

"Babu, walikuja," Tekle akamwambia. Alikuwa amerekodi karamu kwa simu, amesimama nyuma ya kiti cha babu yake. Akamwekea.

Shalva akatazama. "Si mnaona? Kushoto hakuna mtu."

Nikacheka, Mungu anisamehe. Nazibrola hakucheka. Aliichukua simu, akaisogeza kulia, kulia, hadi karibu na sikio la mumewe. Shalva akageuza shingo kuifuata. Nikaona uso wake unabadilika.

"Huyo ni Bondo," akasema polepole. "Alikuwa wapi?"

"Kushoto kwako, mzee," dada yangu akasema.

"Na wewe? Huyo si wewe, kando yake?"

"Ni mimi. Mimi nimekaa kushoto kwako miaka arobaini na sita."

"Nilidhani uko jikoni," Shalva akasema. "Tangu nitoke hospitali nashangaa, mbona mwanamke huyu hali tena na mimi." Akaanza kulia, na dada yangu naye akalia. Mimi nikatoka nje kukagua mizabibu, ambayo haikuwa na shida yoyote.

Kesho yake Shalva mwenyewe alitaka kwenda kwa daktari. Akapewa zoezi: pembeni kabisa kushoto kiwekwe kitu chekundu, na yeye ageuze kichwa mpaka akione, ndipo ajue amefika mwisho. Kwenye gazeti Nazibrola alibandika utepe mwekundu. Kwenye sahani aliweka pilipili. Majira ya baridi yote katika nyumba ile ilisikika sauti moja tu: "Geuka, mzee. Bado. Geuka." Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mimi nilivuka mto na chupa mbili kwenda kwa Bondo, nikamweleza yote. Alisikiliza, akanywa, akasema, "Nampa pembe moja. Akiniruka, ndugu yangu anaichukua, awe tamada yeye."

Siku ya harusi meza ilijaa watu mia na zaidi. Bondo alikaa palepale, kushoto, mikono kifuani, na ndugu yake amekaa tayari kama kipa. Pembeni kabisa, kwenye bega la kushoto la tamada, alikaa Nazibrola amejifunga kitambaa chekundu kichwani, yeye ambaye hajavaa rangi hiyo tangu ujana.

Shalva akasimama. Akawatazama wa kulia, wote. Akaanza kugeuza kichwa. Akafika katikati ya meza, akakwama hapo. Dada yangu akabana midomo ili neno "geuka" lisimtoke. Shalva akavuta pumzi, akageuka tena. Akampita Ucha, akampita Bondo, Bondo akaanza kunyanyuka, Shalva akaendelea hadi kwenye kitambaa chekundu. Hapo akatua.

Kwa desturi yetu pembe ya kwanza ni ya amani. Ya wake zetu hunywewa mwishoni, wakati nusu ya wanaume wamelala.

"Mnisamehe, leo nageuza mpangilio," Shalva akasema. "Wakwe zangu, niliwaruka, na nawaomba radhi mbele ya watu wote. Lakini kabla yenu nilimruka huyu. Nyinyi nimewaruka jioni moja. Huyu nimemruka majira mazima, na kila siku alikuwa anageuza sahani yangu. Dunia yangu inaishia hapa alipokaa. Nikishamwona yeye, najua sijamsahau mtu."

Bondo, aliyekuwa ameshanyanyuka, akabaki amesimama. Akainua pembe yake juu kuliko wote.

Nazibrola akafuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Haya, kunywa basi, mzee," akasema. "Watu wana kiu."