Ile Tatu Imekwenda Wapi

...imekwenda wapi, anauliza Fausta, mwalimu, ile tatu imekwenda wapi, na kabla sijafungua mdomo treni ya mizigo imepiga honi kule stesheni ya Mnyuzi, na shuleni kwetu treni ikipita hakuna anayesema neno, si mwalimu si mwanafunzi, reli iko nyuma ya darasa na mabati yanatikisika, unasubiri mabehewa yaishe ndipo unaendelea, kwa hiyo nasubiri, chaki mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie hapa naishukuru treni ya mizigo, iwe ndefu, iwe na mabehewa mpaka jioni, maana swali lenyewe dogo na jibu lake nalijua, nimelifundisha miaka yote, ila leo sijui nitalitoaje mbele ya watoto... Fausta hakai, huyu akiuliza hakai mpaka ajibiwe, amesimama pale kwenye dawati lake la dirishani ananitazama tu, na wenzake wameziba masikio wanacheka, na mimi kosa langu nini, kompyuta ya shule moja na leo haiwaki, nikasema basi kompyuta tutakuwa sisi wenyewe, nikaona nimebuni kitu cha maana kweli, nikapanga maboksi ya viatu sakafuni kule nyuma, kila boksi na namba yake, ndani ya kila boksi kibao cha kuandikia kwa chaki, hiyo ndiyo memori, na huku mbele karibu na meza yangu nikawasimamisha Loveness na Yordani, kila mmoja na kibao chake mkononi, hao ndio rejista, wako ndani ya prosesa, ubongo wa kompyuta, nikawaambia prosesa haihesabu kitu kikiwa mbali huko kwenye memori, lazima kiletwe kwenye rejista kwanza, na rejista ni chache, na kila moja inashika namba moja tu, ikija nyingine ile ya mwanzo inafutika, na Fransisko ndiye mbeba namba, ana chaki na dasta, anakwenda anarudi, jasho linamtoka na raha tele.

Na ilikwenda vizuri, hilo ndilo linaloniuma, ilikwenda vizuri mno, Fransisko akaenda boksi namba tano, akasoma tatu, akaja akaiandika tatu kwenye kibao cha Loveness, nikasisitiza, angalieni hapo, hakuibeba, ameinakili, kule boksini tatu bado ipo, kuchukua kutoka memori hakupunguzi kitu, wakaitikia ndiyo mwalimu, na Yordani alikuwa na tano yake, wakajumlisha, nane, Loveness akafuta tatu akaandika nane, sawa, sasa jibu lirudi kwenye memori, lirudi wapi, mimi mwenyewe nikasema, Kibwana mimi kwa mdomo wangu huu, lirudi palepale, boksi namba tano, na Fransisko akapiga dasta mara moja akaandika nane juu yake, darasa likapiga makofi, na katikati ya makofi Fausta akasimama... palepale, nimesema palepale bila hata kufikiri, wakati boksi namba sita liko wazi pembeni, halina kitu, ila mimi ndiye mtu wa palepale, mtu wa sawa, mtu wa ndiyo mama, jana usiku si nilisema hivyohivyo kwenye simu, sawa mama, halafu nikalala, na kulala kwenyewe sikulala... haya, simu hiyo, inatetemeka mfukoni, ni yeye, nani mwingine, alisema nitakukumbusha kabla ya swala ya Ijumaa, maana nikitoka kuswali nampa shehe jina, kesho kwenye akika ya mtoto asisimame pale akitafuta jina kwa watu, na mimi jina nimeshampa, nilimpa jana, anachotaka ni nilirudie tu nikiwa sijasinzia, Yusra, aitwe Yusra, sema tena mwanangu nikusikie.

Mabehewa yanapita, meusi, mengine yana vumbi jeupe, sijui ni saruji, sijui ni nini, na Loveness ananyanyua kibao chake juu kunionyesha nane kana kwamba nimesahau, nimesahau vipi, natamani kusahau... Yusra wa kwanza, binti yetu, alikuwa na viatu vyekundu vya kulia, vile ambavyo mtoto akikanyaga vinalia kwi, kwi, jirani zetu pale nyumbani kwetu Handeni walikuwa wanavilaani, anaamka alfajiri anavivaa mwenyewe kushoto kulia, kulia kushoto, anatembea navyo uani, na nikiwa nimelala nasema Zuena hivi viatu nitavichoma moto, na Zuena, mke wangu, anacheka, na homa ilipokuja ilikuja Alhamisi, Jumamosi tulikuwa tunarudi kutoka makaburini, na viatu vikawa vimenyamaza pale mlangoni, nikaja nikavitia kwenye boksi lake nikaliweka juu ya kabati, liko pale mpaka leo... sasa nikitaka kuikumbuka sauti yake naikosa, naipata ile kwi kwi, sauti ya viatu ninayo, sauti yake inakuja inapotea, na hili sijamwambia mtu, hata Zuena sijamwambia, nilidhani ni mimi tu, nilidhani mama hasahau hata kidogo, mpaka leo asubuhi.

Leo asubuhi Zuena amenipigia kabla hata sijapiga mswaki, yuko kwa mama yangu tangu alipojifungua wiki iliyopita, anaongea kwa kunong'ona ili mama asisikie kule jikoni, akasema Kibwana umesema ndiyo, nikasema nani kakwambia, akasema mama kaniambia, kafurahi, kaleta mpaka khanga, akasema mimi simkatalii mama, mama ni mzazi wangu pia, ila nataka nikwambie kitu usinicheke, nikasema sikucheki, akasema jana baada ya kumwogesha nilijaribu kumwita, nikasema Yusra, polepole, nione mdomo unaonaje, nikamwona huyu, nikafumba macho ili nimwone yule, nikasema tena Yusra, nikamwona huyuhuyu, Kibwana, yule hakuja, nilikaa pale na taulo mkononi yule hakuja... na mimi mumewe nikasema nini, nikasema utazoea, mshipa wa aibu sina, utazoea, kisha nikasema kengele inalia naingia darasani, na kengele ilikuwa bado.

Lakini mama naye, mama naye ana lake na lake ni la kweli, Yusra si jina la kuokota, ni jina la mama yake mzazi aliyemlea peke yake akilima muhogo na kuuza mkaa, akafa mimi sijazaliwa, na mama alilishika lile jina mpaka alipopata mjukuu wa kike, siku ile alilia kwa furaha, akasema sasa mama yangu ameamka, na mjukuu naye akaondoka, na jana kwenye simu sauti yake ilikuwa ndogo, akasema mwanangu, jina la mama yangu limelala chini mara mbili, nisaidie liinuke kabla mimi sijalala, sasa mtu utasema nini hapo, utamwambia mama yako hapana kwa maneno gani, hayo maneno wanayafundisha wapi, nikasema sawa mama... na kuna maneno ya watu pia, mke wa Athuman jirani alishamwambia Zuena kwamba jina la mtoto aliyekufa humpi mtoto mwingine, yule wa kwanza atakuja kumchukua mwenziwe, na mimi mwalimu wa kompyuta nikasema huo ni upuuzi, nikasema kwa sauti kubwa, na usiku nikaweka mkono kifuani kuhesabu pumzi zangu mwenyewe kana kwamba ni mimi ninayechukuliwa, siyaamini hayo, siyaamini kabisa, ninachokiogopa mimi ni kingine, naogopa huyu mtoto akikua, akijua kusoma, siku ya kuzuru makaburi tukamshika mkono tukaenda, akakiona kile kibao cha kaburi, nilikiandika mimi kwa rangi nyeusi, herufi zangu za ubaoni, akasoma Yusra binti Kibwana, akanitazama, akaniuliza baba, mbona niko hapa chini... nitamjibu nini, treni haitapita makaburini, sitakuwa na mabehewa ya kunisitiri.

Inapungua, hapana, bado, kuna mengine yanakuja, na simu imeanza tena, inatetemeka pajani, Fransisko ameisikia au ameiona, anatazama mfuko wangu, geuka huko kijana, tazama maboksi yako... yale maboksi nimepewa bure mjini Korogwe, kwa Vaishali mwenye duka la viatu, Jumatatu jioni niliingia nikasema dada Vaishali naomba maboksi matupu, yeye juu ya ngazi anapanga mzigo, akasema mwalimu, hamna viti huko shule yenu, watoto mnawakalisha kwenye maboksi, nikacheka, nikamweleza, akashuka, akaniambia kwanza hongera, nimesikia kwa watu, mtoto gani, nikasema wa kike, akavuta kamba, maana anajua, ni yeye aliyetuuzia vile viatu vyekundu na ni yeye aliyetuma unga na sukari msibani, akasema tu, anafunga maboksi kwa kamba, hanitazami, akasema basi Yusra amepata mdogo wake... na mimi nikasema ndiyo, nikasema asante, nikabeba maboksi yangu nikatoka, na nilipofika kituoni machozi yakanitoka mbele za watu na sikujua ni kwa nini, nikasingizia vumbi, nikasema ni uchovu, na siku zote hizi sikulirudia lile neno hata mara moja, liko pale lilipowekwa, sasa hivi ndiyo limekuja, na hii kelele yote, limekuja zima kama alivyolisema... Yusra amepata mdogo wake.

Mdogo wake. Sasa nikimwita Yusra, ni mdogo wa nani, hana dada, nimemnyang'anya dada kabla hata kitovu chake hakijadondoka, na yule naye nimemnyang'anya mdogo, alikuwa anamtaka, alikuwa akiona tumbo la mtu sokoni anauliza kuna mtoto humo, na mama hataki hivyo, mama hataki kumfuta mtu, anadhani tunachukua tu, tunachukua jina la zamani tunalileta huku mbele tulitumie na kule lilikotoka linabaki salama, na nilipompa yule wa kwanza jina la bibi ilikuwa hivyo kweli, bibi alibaki bibi, hakuna aliyepungukiwa, mimi sikuwahi kumwona bibi na bado namjua, kila mtu alikuwa na pake, ila hili la sasa silo hilo, hili ni kurudisha palepale, ni Fransisko na dasta yake, wote wawili binti Kibwana, wote wawili wa Zuena, nyumba moja, uani pamoja, kitanda kilekile, ukiita Yusra kichwa kina nafasi ya mmoja tu na anakuja aliye hai, anakuja anayelia maziwa, ni haki yake kuja, na yule haji, Zuena ameshaliona hilo na taulo mkononi, hakuhitaji maboksi... na mimi nikamwambia utazoea, ndicho kinachonitisha, kwamba ni kweli, angezoea, tungezoea wote, na siku moja tungeteremsha lile boksi juu ya kabati tumvalishe huyu vile viatu, na tungesema viatu vya Yusra, na hakuna ambaye angeshtuka.

Behewa la mwisho hilo, naliona dirishani nyuma ya kichwa cha Fausta, limepita, mabati yametulia, vumbi linaingia polepole, na darasa limetoa mikono masikioni na linanitazama, Fausta amesimama palepale, Loveness bado ameinua nane yake, Fransisko na dasta, simu pajani, hakuna kilichobadilika, hata chaki ni ileile ila imevunjika vipande viwili na sijui nimeivunja saa ngapi, na jibu lipo, linauma tu, haipo, Fausta, haijaenda mahali, imefutwa, hakuna mashine itakayoirudisha, na kosa si la Fransisko, kosa ni langu mimi niliyesema palepale, futa, rudia, andika tatu boksi namba tano uiache, na nane mpe boksi lake, hilo hapo la sita, liko wazi... nitawaambia hivyo, kisha nitatoka nje pale kwenye kivuli cha ukuta, nimpigie, mama atapokea kabla haijaita mara mbili, nitasema shikamoo mama, ataitikia marahaba mwanangu, sema sasa nikusikie, na hapo nitasema, mama usikasirike, jina la mama yako bado lina mtu, Yusra yupo, ni huyu mdogo wake ambaye hatujampa jina.