Ziwa la Mwezi wa Sita

Jokha alishasema mara mbili, na mtu mzima hana haja ya kusema mara tatu: lile si ziwa, ni mto umefurika. Lakini wakubwa wa ofisi ile ya ramani, pale Harrow, walikuwa na haraka zao. Ramani ya mto wa kaskazini ya Kanada ilitakiwa kwa mpiga chapa Ijumaa ileile, na mchoraji wake alikuwa yeye, Mzanzibari aliyeingia London mwaka wa sitini na tano na sanduku moja. Sasa alikuwa anamalizia miezi sita ya majaribio. Akimaliza vizuri, anaajiriwa moja kwa moja. Akiharibu, mlango ule.

"Dada Jokha, wacha hii maneno," alisema Gurdial, Kalasinga wa Kisumu aliyekaa meza ya pili. "Ziwa ikae tu hapo, upate kazi. Huko ni barafu tupu. Nani ataenda kuangalia?"

"Wenyewe wanaokaa huko," Jokha akamjibu.

Maana mto ule ulikuwa na tabia yake, na Jokha alikuwa ameusoma wiki tatu nzima. Unatoka kusini, unakwenda kaskazini. Joto likianza, barafu ya huko kusini mto unakoanzia huyeyuka kwanza, na huku chini, karibu na bahari, bado pameganda kama jiwe. Maji yapite wapi? Yanapanda kingo, yanalala bondeni wiki mbili, kisha yanaondoka. Ndege ilipiga picha mwezi wa sita, katikati ya gharika hiyo. Basi wakubwa wa ofisi wakaandika ziwa. Jokha akapekua makabati, akapata picha za mwezi wa nane. Bonde kavu, na ukingoni vibanda vitatu vya watu, na vichanja vya kuanikia samaki. Mwenye macho haambiwi tazama.

Jambo hili lilimuuma kwa sababu alilijua. Kwao Unguja mpima ardhi alipita wakati wa masika, akaliona bonde la mpunga limejaa maji, akachora ziwa akaenda zake. Baba yake alizunguka maofisini miaka mitatu kuwaeleza watu wa tai shingoni kwamba yeye analima shamba, halimi maji. Akafa hajasadikiwa. Jokha hakuwa tayari kumfanyia mwingine hivyo, hata awe mtu wa barafuni asiyemjua kwa jina wala kwa sura.

Saa nane mchana meneja akaja, akalikuta ziwa limekwanguliwa kwa wembe. Uso ukamwiva. Akasema ramani ile inangojwa na watu watakaojenga bwawa la umeme, nao wameshaambiwa bondeni hakuna mtu.

"Ndiyo sababu," alisema Jokha kwa Kiingereza chake cha taratibu, akamsogezea picha za mwezi wa nane. Meneja hakuzitazama.

Jokha aliitaka kazi ile, tusidanganyane. Hata hivyo akachora kibanda cha kwanza, alama nyeusi ndogo kama punje ya ufuta. Akachora cha pili. Gurdial akainamisha kichwa.

"Ukichora cha tatu," alisema meneja, "Jumatatu usije."

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu hata adabu hiyo hakuwa nayo. Jokha akachovya kalamu, akachora cha tatu, akakipulizia wino ukauke.