Benchi Mbele ya Dirisha la Ardhi

Asubuhi Fundi alipofika Idara ya Ardhi, mfagizi alikuwa anapiga deki korido, akamwambia apite kandokando ya ukuta asiache nyayo. Fundi akapita kandokando. Alikuwa mshonaji wa nguo, na alikuwa ametoka nyumbani mbiombio hata futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni. Mbele ya dirisha palikuwa na benchi refu la mbao, limejaa watu. Akawaamkia wote kwa shikamoo moja, kisha akauliza nani wa mwisho. Mpiga tarumbeta, mzee mwenye koti jekundu la bendi, akanyoosha mkono. Fundi akaketi nyuma yake.

Hapo ndipo alipokosea, japo adabu haihesabiwi kosa. Ukimuuliza mtu kama ndiye wa mwisho naye akakubali, umeshaingia kwenye foleni yake, na foleni ya mpiga tarumbeta ilikuwa ya marehemu. Wenye suti na miwani ya jua hawakumuuliza mtu. Walikwenda moja kwa moja mlango wa pembeni, wakatoka wakicheka.

Kwamba mzee ni marehemu Fundi alitambua mapema, kwa sababu koti la mzee lilikuwa na mshono wa mkono ambao siku hizi haushonwi tena, na kwa sababu bega lake halikuwa na joto. Kila mtu na shida zake.

Yake ilikuwa hii: tingatinga lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba yao tangu alfajiri, na ndani alikuwemo mama yake, ambaye kiharusi kilikuwa kimemlaza. Fundi alitaka amri ndogo tu, wasubiri mpaka apate gari la kumhamishia mgonjwa. Mama ndiye aliyesema, "Nifungie mlango uende. Nyumba yenye mtu haivunjwi." Fundi akafunga kwa nje, ufunguo akaufutika kifuani.

"Nyumba yenu iko wapi, mwanangu?" aliuliza msokota kamba, bibi mkavu aliyekaa mwanzo kabisa wa benchi.

"Ufukweni, bibi. Pale penye kisima cha maji ya chumvichumvi."

"Ahaa. Kwangu," akasema bibi.

"Na kwangu," akasema mpakia makaa, aliyemfuatia.

Ikawa hivyo benchi zima. Bibi aliondolewa ili ijengwe ngome. Ngome ilipobomolewa, mpakia makaa akajenga kibanda kando ya kisima, akaondolewa ipite reli ya bandari. Reli iling'olewa, mpiga tarumbeta akapewa kiwanja palepale kwa kuipigia bendera mpya siku ilipopanda, naye akaondolewa upatikane uwanja wa gwaride. Gwaride lilipowachosha wenyewe, mama yake Fundi akanunua kiwanja, akakifunika kisima kwa zege, akazaa. Sasa palitakiwa hoteli. Watawala wa jiji lile walikuwa na tabia ya mgeni anayekaribishwa sebuleni akaishia kitandani: kila aliyelitawala alipenda kuamka akiiona bahari, na kila mara palikuwa na mtu amelala pale anapotaka kuamkia yeye. Rangi ya jengo la Ardhi ilibadilika kwa kila utawala. Dirisha lilibaki lilelile.

Nyuma ya dirisha karani alikuwa anamumunya peremende. Alikuwa mpole, hakumfokea mtu. Kila aliyemsogelea alimwambia, "Suala lako linashughulikiwa," naye akarudi kuketi. Bibi alisema karani wa kwanza kabisa alikuwa akiyasema hayohayo kwa lugha nyingine, ila yule alikuwa na ndevu.

Simu ya Fundi ikalia. Alikuwa mama.

"Uko wapi?"

"Kwenye foleni, mama."

"Mbele yako wapo wengi?"

Fundi akalitazama benchi. "Wapo. Ila ni watu wazima, hawana vurugu."

"Hawa vijana wa tingatinga wamekunywa chai, wamemaliza. Wamegonga, nikawaambia nimo. Wamesema sawa."

"Sawa nini?"

"Sawa tu."

Fundi akasimama. Foleni na iende zake. Akatoka kwa mlango mkubwa, akajikuta anaingia kwa mlango mkubwa. Akajaribu tena, safari hii kwa kukimbia, akaingia akihema.

"Asiyehudumiwa hatoki," mpiga tarumbeta akamwambia. "Mimi nilijaribu mpaka soli zikaisha. Kaa, mwanangu."

Hakukaa. Aliwaeleza wote pale habari ya mama yake. Marehemu hawakuhitaji kushauriana. "Apite, ana mgonjwa," akasema bibi, na benchi zima likavuta magoti ndani ili apite. Karani alimsikiliza, akasema pole dada, akaingia ndani kuuliza. Aliporudi alisema mkubwa ametoka kidogo.

Fundi akasubiri. Akatoa sindano kwenye ukosi, akaanza kushona bitana ya koti la mzee iliyokuwa imeachia. Simu ya mama haikupatikana. Alishona, akapiga, akashona tena.

Mchana mama yake akaingia. Aliingia kwa miguu yake yote miwili, bila fimbo, nywele zimejaa vumbi la chokaa. Fundi alifurahi kumwona akitembea, furaha ya kweli kabisa, kisha akaelewa kwa nini anatembea. Akalia huku akimkung'uta vumbi mabegani.

"Mlango hawakuugusa," mama akasema. "Walianzia ukutani."

"Nisamehe, mama."

"Usinililie mbele za watu. Mimi ndiye niliyesema unifungie."

"Karibu, jirani," bibi akamwita kutoka mwanzo wa benchi, nao wakasogeleana apate pa kukaa.

Karani akafungua dirisha, uso umekunjuka. Alikuwa amehangaika kweli. "Dada, mkubwa amekubali. Watasubiri mpaka mgonjwa ahame."

"Nimeshahama," mama akasema.

Karani akamtazama, akayatazama na mavumbi yake. "Basi hapo hakuna tatizo tena," akasema, akashusha pumzi kama mtu aliyemaliza kazi yake vizuri. Akafunga dirisha.

Sasa Fundi alikuwa amehudumiwa. Mlango mkubwa ulikuwa wazi na nje palikuwa na barabara: muuza magazeti, gari la maji, na kule mwisho bahari, ambayo asubuhi ilikuwa haionekani kutoka pale kwa sababu ya nyumba yao. Alisimama kizingitini akiitazama. Kisha akarudi ndani, akamuuliza mama kama mbao zile hazimuumizi mgongo, akaketi nyuma yake.