Mlango Uliochorwa Ukutani

Siku shirika la misaada lilipozindua tovuti yake pale Base Camp, katikati ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, walisimamisha mahema, wakagawa soda, wakamvika kila mlemavu fulana nyeupe mpya, na Sidonie Nabintu akasogezwa mbele na fimbo yake apigwe picha. "Tabasamu, mama!" mpigapicha akasema. Sidonie hakutabasamu. Jua lilimchoma usoni akakunja midomo, basi. Picha ikapigwa, hotuba zikatolewa kwa Kiingereza na kutafsiriwa nusunusu, magari yakaondoka kabla mvua haijaanza. Vumbi lilipotulia, ahadi iliyobaki ilikuwa moja: soko jipya lina vibanda vya matofali, vingine vimetengewa walemavu, na anayetaka aombe mwenyewe kwa simu yake, kwenye tovuti, kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Hakuna foleni tena. Hakuna dalali tena.

Ni neno hilo la dalali lililomfanya Sidonie apige makofi mpaka viganja vikawasha.

Maana alikuwa na dalali wake, na hakuwa amemsahau. Macho ya Sidonie yalikufa kwa surua akiwa mtoto kule Uvira, Kongo, lakini mikono haikufa. Alifuma sweta za shule ambazo watoto wa Nakivale walizivaa mpaka zikarithiwa na wadogo zao. Alifumia kando ya barabara, juu ya mkeka. Kiangazi vumbi liliingia kwenye uzi, masika mvua iliukuta uzi na mwenye uzi. Halafu siku moja palitangazwa mafunzo ya kufuma kwa mashine, ya wasioona tu. Akaenda kwa Appolinaire, yule mwenye duka la kompyuta na kuchaji simu, amjazie maombi. "Dakika mbili tu, mama," Appolinaire akasema. Akaandika jina la Sidonie, na chini yake namba ya simu yake mwenyewe. Shirika lilipopiga, aliyekwenda kuitika "Mimi ndiye Sidonie" alikuwa shemeji yake Appolinaire, mwanamke anayetunga uzi kwenye sindano gizani. Akavaa miwani nyeusi, akafundishwa, akapewa mashine. Sidonie alipokwenda kulalamika, karani alimjibu kwa upole kabisa: "Lakini Sidonie alishafundishwa."

Kwa hiyo safari hii aliapa: mkono wa mtu mwingine hautagusa jina lake. Kibanda akipate au akikose kwa kidole chake mwenyewe.

Jumatano alikaa mlangoni pake na jirani yake Ancilla, Mrundi mwenye macho makali na mdomo mkali zaidi, ila shule hakuiona hata ukuta wake. Herufi kwake zilikuwa nyayo za kuku. Simu ya Sidonie ilikuwa ya kusema: ukigusa, sauti inakusomea kilicho chini ya kidole. Kwa simu hiyo alisoma habari, alisoma Biblia, aliwatumia ujumbe ndugu waliobaki Uvira. Akafungua tovuti.

Simu ikaanza kusoma Kiswahili kama Mzungu aliyekesha na pombe ya waragi.

"Yemwe! Huyo ni nani?" Ancilla akaruka.

"Njo simu yangu. Sijui bameifanya nini," Sidonie akajibu kwa Kiswahili chake cha Uvira.

Akatega sikio kama mtu amsikilizaye mlevi wa nyumbani, akaokota maana. Akatelezesha kidole. "Kitufe," simu ikasema. Akatelezesha tena. "Kitufe." Tena. "Kitufe." Kitufe cha kufanya nini? Kimya. "Picha," ikaendelea, ikataja tarakimu ndefu kama namba ya gari la jeshi. Kisha masanduku ya kuandikia, moja baada ya jingine, bila kusema lipi la jina, lipi la umri. Akabahatisha. Mwishoni likaja fumbo: thibitisha kwamba wewe ni mtu, chagua picha zote zenye taa za barabarani.

"Picha. Picha. Picha. Picha," simu ikasema.

"Ancilla, niazime macho. Iko wapi yenye taa?"

"Naona barabara. Naona gari. Taa za barabarani ni zipi?"

"Zile za kuzuia magari. Nyekundu, kijani."

"Ewe Sidonie! Hapa Nakivale magari yanazuiwa na ng'ombe."

Wakacheka mpaka wakashika mbavu, na walipokuwa wanacheka muda ukaisha. Tovuti ikafuta kila kitu, ikawarudisha mwanzo bila hata samahani. Wakajaribu tena, ikafuta tena. Jua likapanda, na Ancilla mwenye macho mazima akasema hata yeye haoni tena, maana walipaka maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, kama uji uliomwagikia majivu.

"Twende basi kwa Appolinaire," akasema, nusu mzaha.

Sidonie akatema mate pembeni. "Afadhali nifume mvua. Sikiliza. Mariette wa kanisani si alisema mutoto wake Bienfait njo alijenga hii kitu?"

"Alisema, kanisa zima likasikia."

"Basi kesho tuko Mbarara."

Ofisi ya Bienfait ilikuwa ghorofani, mjini Mbarara, karibu na High Street, juu ya duka la vioo. Mlangoni kulikuwa na askari, naye aliona fimbo kabla hajaona mtu.

"Nyabo, mama, hapa hapana omba-omba. Rudi barabara."

"Sijakuya kuomba. Nimekuya kumuona mutu mwenye ananiomba mimi kila siku niingie kwake, na mulango hana."

Askari hakuelewa, lakini sauti ile hakutaka iendelee kusikika barabarani. Akawapisha. Ngazi zilikuwa ndefu na hazikuwa na pa kushika.

Bienfait alikuwa mtoto wa Nakivale, si mtu wa kuja. Sweta yake ya kwanza ya shule, ya bluu yenye ukosi, ilitoka katika mikono hiyo hiyo iliyoshika fimbo. Alisimama upesi, akavuta viti.

"Tantine! Karibu, shangazi. Mama hajambo? Ungenipigia tu, ningekuja mimi."

"Mama yako mzima. Anakusifu. Fungua ile tovuti yako."

Akafungua. Sidonie akatoa simu yake, akaiweka mezani, akaongeza sauti mpaka mwisho, akatelezesha kidole. Mlevi wa London akaanza kuhubiri ofisi nzima. Kitufe. Kitufe. Kitufe. Vijana wa meza nyingine wakageuka. Mmoja akacheka, kisha akaacha.

Bienfait akashusha sauti. "Tantine, naona shida. Nipe simu, nikujazie. Dakika mbili tu."

Ancilla aliguna. Harufu fulani ilimpanda Sidonie puani, harufu ya duka la Appolinaire, ya nyaya zilizopata moto na maneno matamu.

"Chini ya ukurasa iko alama," akasema. "Simu inasema: tovuti hii inatumika na watu wote. Nani aliiweka?"

"Mimi."

"Mulijaribisha na kipofu gani?"

Bienfait akageukia kioo cha kompyuta.

"Nakuuliza, mwanangu."

"Tulijaribu wenyewe. Tulifumba macho."

"Mulifumba macho!" Ancilla akapiga goti lake. "Na mlipofumba mliona nini?"

"Tuliona haifanyi kazi," Bienfait akasema polepole. "Tantine, sikudanganyi. Ninajua. Kanuni za kujenga tovuti inayotumika na watu wote zipo, zimeandikwa zamani, nimezisoma, nimefanyia mtihani. Lakini siku ya uzinduzi ilishapangwa. Shirika liliniambia weka alama kwanza, mengine baadaye. Wageni wakaja, wakaangalia kioo, wakaona rangi nzuri, wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza."

Kama angesema hajui, Sidonie angemsamehe. Kutojua ni njaa tu, mtu huweza kulishwa. Lakini huyu alijua. Alifumba macho, akaonja giza la wenzake kwa muda, akafungua macho yake mazuri, akaendelea na chai.

"Vile vitufe," akauliza, "ju ya nini havina jina?"

"Si vitufe vya kweli. Ni visanduku nilivyopaka rangi vikafanana na vitufe. Mwenye kuona anabonyeza, vinafanya kazi. Simu yako haijui ni nini."

"Kwa hiyo ulichora mulango ku ukuta, halafu ukaniambia ingia."

Bienfait akatazama tarehe kwenye kona ya kompyuta.

"Maombi inafungwa kesho jioni. Mimi sitoki hapa, na wewe hutajaza jina langu. Tengeneza."

Akatoa uzi na sindano zake, akaanza kufuma palepale.

Bienfait akatengeneza. Kwanza aliandika juu kabisa, pale mashine inapoanza kusoma, kwamba ukurasa huu ni wa Kiswahili. Neno moja tu, na mlevi akalevuka. Sidonie alisikia sauti ya kila siku ya simu yake ikirudi. Neno moja! Kisha vile visanduku vya rangi vikatolewa, vikawekwa vitufe vya kweli, kila kimoja na jina la kazi yake: Tuma ombi. Rudi nyuma. Kila sanduku la kuandikia likafungwa na lebo yake, isiyotoweka mtu anapoanza kuandika. Vichwa vya habari vikawekwa kuwa vichwa kweli, si maandishi yaliyonenepeshwa, ili kidole kiruke kutoka kimoja hadi kingine badala ya kutambaa ukurasa mzima. Fumbo la taa akaling'oa. Muda wa kujaza akauacha wazi. Ile rangi ya uji kwenye majivu akaikoleza ikawa nyeusi, na Ancilla akasema sasa hata kuku angejua nyayo zake.

Kila alipomaliza kitu, Sidonie aliweka sindano chini, akajaribu kwa kidole. "Hapa bado." "Hapa sawa." "Hapa imeniruka, rudi." Jua halijaanza kushuka, kazi ilikuwa karibu kwisha. Na hilo ndilo lililozidi kumchafua moyo. Hawakunyimwa jambo gumu. Walinyimwa mchana mmoja wa kijana mmoja.

Ikabaki picha.

"Picha lazima iwe na maelezo," Bienfait akasema, akaandika, akamwambia ajaribu.

"Mnufaika mwenye ulemavu akitabasamu," simu ikasoma.

"Mnufaika ni nani?"

"Ni... ni wewe, tantine. Siku ya uzinduzi."

Sindano zikasimama. Kumbe ile namba ndefu ya gari la jeshi ilikuwa uso wake. Uso wake ulikuwa mlangoni mwa nyumba asiyoweza kuingia.

"Sikutabasamu. Ni jua. Na nina jina. Andika kitu chenye kiko mu picha, bila kuongeza, bila kupunguza."

Bienfait akaandika, sauti ikasoma: Sidonie Nabintu, mfumaji wa sweta, amesimama mbele ya hema na fimbo nyeupe, amevaa fulana yenye maandishi. Hapo akaacha.

"Maandishi gani?"

"Si muhimu, tantine."

"Kanuni zako zinasema nini juu ya maandishi yaliyo ndani ya picha?"

Aliuliza tu, hakujua. Lakini Bienfait alijua, maana alifanyia mtihani. "Zinasema yaandikwe," akajibu, na sauti yake ikawa ndogo.

"Basi andika. Unisomee na kwa Kiswahili."

Bienfait akaandika, akatafsiri. "Ni Kiingereza. Inasema: 'Mnyonge mwenye shukrani.'"

Ancilla akaacha kutafuna karanga zake.

Fulana ile Sidonie aliipenda. Pamba nzito, imeshonwa vizuri. Mikono yake inajua nguo. Aliivaa sokoni. Aliivaa kwenye msiba wa mzee Ladislas. Aliivaa kanisani Jumapili baada ya Jumapili, akasimama mbele akaimba, na pasta, ambaye anasoma Kiingereza kama maji, alimshika mkono na kumwambia: umependeza, mama.

"Na weye uliisoma," akamwambia Bienfait.

"Niliisoma."

"Njo ukaiweka mbele ya batu bote."

Bienfait akaanza kusema samahani. Sidonie akainua kiganja. "Picha toa. Samahani yako weka kwa wengine wenye hawajui kupanda hizi ngazi."

Picha ikatoka. Hapo, juu ya kiti cha ofisi, Sidonie akajaza ombi lake herufi kwa herufi: jina lake, umri wake, kazi yake, na namba ya simu iliyokuwa mkononi mwake. Akatafuta kwa kidole. "Kitufe. Tuma ombi," simu ikasema. Akagusa mara mbili.

"Ombi lako limepokelewa, Sidonie Nabintu."

Akasimama, akaomba fimbo yake, hakuomba maji.

Kibanda alikipata. Walipompigia, simu ililia mfukoni mwake mwenyewe, na wasioona wengine waliojaza wenyewe Ijumaa ile nao walipigiwa; shemeji wa Appolinaire hakupigiwa. Ni kibanda kidogo, bati linavuja pembeni, lakini uzi unakaa mkavu.

Juzi maofisa wa shirika walikuja na mpigapicha, wapate picha mpya ya tovuti. Mvua ilikuwa imenyesha, Base Camp yote ni matope. Sidonie alisikia viatu vyao vikisita kizingitini. Hapo chini, imekunjuliwa vizuri, maandishi yakitazama juu, ilikuwa ile fulana nyeupe ya pamba nzito. Pasta alikwisha kupita hapo asubuhi, akasoma, akaipaka tope, akatoka bila kununua.

"Karibuni," Sidonie akasema, bila kuacha kufuma. "Fasi ya picha hakuna. Kama munataka sweta, futeni miguu muingie."